Kupeana Ujuzi wa Kutengeneza Peugeot 404 na 504: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya tunawapa wenye Peugeot 404 na 504, mafundi wao, na vijana wanaotaka kujifunza kwao, sisi tunaokusanya ujuzi huo. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: ushauri usio na kipimo ni uvumi, na uvumi umeua injini nyingi kuliko uzee.

Kwa nini 404 na 504 peke yake?

Kwa sababu ujuzi wa kutengeneza gari ni wa gari lenyewe. Mafuta yanayofaa difu (gia za ekseli) ya Land Rover yanaweza kula difu ya 404 polepole mpaka ikaisha, na aliyekushauri uyatie atakuwa amekushauri kwa nia njema kabisa.

Tena haya ni magari ambayo Afrika Mashariki iliyajua ndani nje. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7, la kwanza likiwa 404 ya Nick Nowicki, naye huyo huyo akarudia ushindi mwaka 1968, mwaka ambao pia walimaliza 7 tu. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland wa Tanzania. Nje ya mashindano, Peugeot ndefu zenye viti vya safu tatu zilibeba abiria wa masafa marefu Kenya kwa miaka mingi, na 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza sedani yake mwaka 1983. Kwa hiyo ujuzi upo. Uko vichwani na mikononi mwa mafundi ambao wengi sasa ni wazee, na sehemu kubwa haijaandikwa popote.

Gari langu bado linafanya kazi kila siku. Linahesabika kuwa gari la zamani?

Shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, linataka gari liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali yake ya asili, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Sharti la mwisho linawafaa Wazungu wenye gereji za kuhifadhia magari. Kwetu pikapu ya 504 inayobeba nyasi za ng'ombe kila asubuhi ina mengi ya kufundisha kuliko sedani inayotolewa Jumapili, kwa sababu inachakaa, na mwenyewe anajua inachakaa wapi. Karibu.

Nikiwa na tatizo, niulizeje ili nipate jibu la kweli?

Usiandike "gari linachemsha, nifanyeje?" Swali hilo lina majibu ishirini na utayapata yote.

Anza na gari: modeli, mwaka, namba ya chesisi, aina ya injini. 504 ya petroli ilikuja na injini ya sentimita za ujazo 1796, kisha ya 1971. Za dizeli ni ukoo mwingine kabisa. Sema kama injini bado ni ile ya kiwandani, maana nyingi zimebadilishwa, na 504 nyingine zinatembea na injini ya 505 bila mwenye gari kujua. Halafu eleza tatizo linatokea lini: asubuhi au baada ya saa nzima barabarani, mlimani au kwenye foleni, taa zikiwa zimewashwa au zimezimwa. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika barabara linakuelekeza kwenye feni. Linalochemsha likipanda Mau Summit tu lina habari nyingine.

Mwisho sema kilichokwisha kufanywa, na nani alipima nini. "Fundi amesema hedi ni nzima" hakusaidii (hedi ni kichwa cha injini kinachofunika silinda). "Fundi ameweka rula ya chuma juu ya hedi, akajaribu kupitisha fila ya milimita 0.05, lile bamba jembamba la kupimia nafasi, haikupita" kunasaidia sana, hata kwa msomaji aliye Lubumbashi au Muscat.

Mbona kila mtu ananiambia silinda namba moja iko mahali tofauti?

Kwa sababu magari mengi huhesabu kuanzia mbele, kwenye feni, lakini injini hizi za Peugeot huhesabu kuanzia nyuma, upande wa flaiwili, lile gurudumu zito linaloshika klachi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Fundi aliyezoea Toyota akianzia mbele, maelezo yake yote yatakayofuata yatakuwa ya kichwa chini ukilinganisha na kitabu cha kiwanda. Kwa hiyo kila unapotaja silinda, andika "ya kwanza kutoka flaiwili". Ni maneno machache, na yanamaliza mabishano kabla hayajaanza.

Nataka kuseti tapeti mwenyewe. Kuna njia isiyohitaji kukisia?

Ipo. Kuseti tapeti ni kurekebisha nafasi ndogo iliyo juu ya kila valvu, na ndiyo kazi ya kwanza tunayompa anayeanza, kwa kuwa inafundisha kupima bila kuhatarisha kitu cha bei kubwa.

Injini iwe baridi kabisa, iliyolala usiku kucha. Toa plagi zote ili izunguke kwa wepesi. Zungusha mpaka valvu ya ekzosi (ya kutolea moshi) ya silinda ya 1 ifunguke hadi mwisho, yaani springi yake imebanwa kabisa. Hapo seti intaki (valvu ya kuingizia) ya 3 na ekzosi ya 4. Ikifunguka ekzosi ya 3, seti intaki ya 4 na ekzosi ya 2. Ikifunguka ekzosi ya 4, seti intaki ya 2 na ekzosi ya 1. Ikifunguka ekzosi ya 2, seti intaki ya 1 na ekzosi ya 3. Kwa injini hizi za petroli, intaki ni milimita 0.10 na ekzosi 0.25.

Fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu skrubu hupenda kuzunguka pamoja na nati na kipimo kikabadilika mbele ya macho yako. Na kuna jambo la kutangulia ambalo karibu kila mtu huliruka: kabla ya kugusa chochote, andika vipimo ulivyovikuta. Vile vya zamani ndivyo vinavyosimulia. Ekzosi iliyokutwa na 0.10 badala ya 0.25 inakuambia valvu inazama kwenye kiti chake. Ukiseti bila kuandika, umeufuta ushahidi.

Mafuta yasiyo na risasi yanaharibu injini yangu?

Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa 2006, na hofu haijaisha hadi leo. Risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu za ekzosi. Injini zenye hedi ya chuma cha kuyeyushwa, ambako kiti kimechongwa kwenye hedi yenyewe, ndizo zilizo hatarini zaidi. Hedi ya 504 ya petroli ni ya aluminiamu, na viti vyake vimepachikwa. Kwa hiyo usikimbilie kununua chupa za dawa za kuchanganya na petroli. Seti tapeti, andika, pima tena baada ya kilomita elfu chache. Nafasi ya ekzosi ikibaki pale pale, hakuna kinachozama. Ikiwa inapungua kila mara, hapo ndipo uongee na mwenye mashine ya kubadilisha viti.

Giaboksi na difu zinataka mafuta gani?

Hapa ndipo ushauri mbaya umefanya madhara makubwa kuliko popote, kwa hiyo soma polepole.

Giaboksi ya 404, na ile ya gia nne ya 504 inayoitwa BA7, kiwanda kiliziagizia mafuta ya injini. Ndiyo, ya injini, ya uzito wa 20W-40 au karibu na hapo. Kila mara atatokea mtu wa kukuambia kwamba giaboksi ni giaboksi, itie mafuta mazito ya namba 90. Ukitia, gia zitaingia kwa uzito asubuhi, utadhani klachi imeisha, na utafungua kitu kisicho na kosa.

Difu ya 404 ni ya namna ya pekee. Haina krauni na pinioni za kawaida, zile gia mbili za chuma zinazoshikana meno. Ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Mafuta ya difu ya siku hizi yana dawa za salfa za kulinda meno ya chuma dhidi ya msuguano mkali, na dawa hizo zikipata moto hushambulia shaba. Mafuta hayohayo ni sahihi kwa 504, ambayo difu yake ni ya krauni na pinioni. Magari mawili ya kampuni moja, yanafanana hata harufu ya ndani, na mafuta ya moja ni sumu kwa jingine. Anayekushauri bila kuuliza kama una 404 au 504, mshukuru na umpite.

Ukimwaga mafuta ya difu ya 404, yapitishe kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini la rangi ya dhahabu ni kuchakaa kwa kawaida ikiwa ni kidogo. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jambo jingine. Piga picha kitambaa juani, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, kisha uliza.

Injini imechemsha, fundi anataka kutoa hedi. Nimwambie nini?

Kwanza hakikisha feni ilikuwa inafanya kazi. Katika magari haya feni huunganishwa na puli kwa sumaku ya umeme pale maji yanapopata moto, na umeme hufika kwenye sumaku kupitia kaboni ndogo inayosugua. Kaboni ikiisha, waya ukikatika, au nafasi kati ya sumaku na bamba ikiwa kubwa mno, feni inabaki inazunguka kivivu na dereva haoni tofauti. Hedi nyingi zimetolewa kwa sababu ya kipande cha kaboni kisichozidi ukubwa wa kifutio cha penseli.

Ikiwa kweli hedi inatoka, mambo mawili. Injini hii ina slivu za maji: kila silinda ni bomba lililosimama ndani ya bloku, maji yakilizunguka, na chini limekalia sili nyembamba. Hedi iliyoshika isivutwe juu moja kwa moja, maana inaweza kuinua slivu. Itikiswe kwa pembeni, upande huu na upande ule, mpaka iachie. Na hedi ikishatoka, mtu yeyote asizungushe injini kabla slivu hazijabanwa kwa vibano au bolti zenye washa pana. Pistoni ikipanda itanyanyua slivu, sili ya chini itavunjika, na maji yataingia kwenye sampu, beseni la mafuta lililo chini ya injini. Hutaona chochote siku hiyo. Utaona wiki mbili baadaye mafuta yakigeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kabla ya gasketi mpya kuwekwa, pima slivu zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Zinatakiwa zichomoze kidogo, na kwa usawa. Tofauti kati ya jirani na jirani ndiyo inayochoma gasketi upya. Kipimo halisi kitoe kwenye kitabu cha injini yako. Andika vipimo vyote vinne, na ukituletea habari ya gasketi iliyoungua mara ya pili bila vipimo hivyo, swali letu la kwanza litakuwa hilohilo.

Na tafadhali usirudishe maji ya kisima matupu. Hedi ni aluminiamu, bloku ni chuma, maji yenye chumvi yanaila aluminiamu kuanzia kwenye matundu ya maji. Kulanti haiwekwi kwa ajili ya theluji tu. Ina dawa ya kuzuia kutu, na hiyo inahitajika Mombasa kama inavyohitajika Paris.

Fundi wangu mzee hapendi siri zake ziandikwe. Je, namsaliti nikiandika?

Ndiyo, ukiandika bila kumwambia. Ujuzi ule ndio shamba lake. Alianza akiwa kijana wa kushika tochi, akatumwa soda, akatukanwa, akalala chini ya magari, na leo unataka kuutoa bure kwa watu asiowajua kwa kuwa una simu yenye kamera.

Mwambie wazi kabla kazi haijaanza. "Shikamoo mzee. Leo ningependa kuandika unavyofanya, wenzangu wenye gari kama hili wapate kujifunza. Unaruhusu?" Baadhi watakataa, na hapo imekwisha. Wengi watakubali kwa masharti: picha zisionyeshe uso, au jina la gereji litajwe ili wateja waje. Yote ni haki yake. Mlipe muda wake, kwa sababu kazi yenye maelezo huchukua muda mrefu kuliko kazi ya kimya. Ukishaandika, mrudie umsomee. Hapo ndipo utakaposikia, "Hapana, hapo umekosea, si kila mara nafanya hivyo," na maelezo yatakayofuata yatakuwa bora kuliko yote uliyoandika awali.

Kuna ujuzi usioandikika, na fundi ndiye anayeujua vizuri. Ukimwona ameegemeza bisibisi kwenye bloku na sikio kwenye mpini, anasikiliza beringi. Usiandike "alisikiliza". Muulize anasikia nini, sauti nzima ikoje, mbovu ikoje, na ilimchukua injini ngapi kuzitofautisha. Maneno atakayotumia, hata yakiwa ya Kikikuyu au Kichaga katikati ya Kiswahili, yaandike kama alivyoyasema.

Video au maandishi?

Sauti irekodiwe, namba ziandikwe. Video ya injini inayogonga, simu ikiwa imeshikiliwa karibu na bloku na mtu akitamka kama injini ni baridi au moto, inafaa sana. Video ya nusu saa ambayo kipimo cha pointi, vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche, kinatamkwa mara moja, kompresa ikinguruma nyuma, haimfai mtu aliyelala chini ya gari na mikono ya grisi. (Kipimo cha pointi ni milimita 0.40.)

Niondoe pointi niweke ignisheni ya elektroniki?

Ni gari lako. Inafanya kazi vizuri, na kazi ya kusugua pointi inapungua. Lakini pointi na kondensa zako za zamani zikiwa nzima, ziweke kwenye dashibodi pamoja na fila na bisibisi. Pointi hukuonya kabla ya kufa. Kifaa cha elektroniki kikifa kimekufa, na utakuwa Mtito Andei usiku.

Breki na gasketi za zamani zina hatari gani?

Pedi, lainingi, klachi na gasketi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto. Vumbi lake halionekani kuwa na ubaya wowote, na madhara yake kwenye mapafu huja miaka mingi baadaye. Kwa hiyo usipulize dramu za breki kwa kompresa, na usimruhusu kijana wa gereji afanye hivyo hata kama ndivyo ilivyofanywa siku zote. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kiingie kwenye mfuko na kifungwe. Ukiweka picha za kazi ya breki zinazoonyesha mtu akipuliza vumbi, tutakuomba uziondoe. Hili hatulijadili.

Spea zinapatikana wapi?

Anza na namba. Namba za spea za Peugeot za miaka hiyo zina tarakimu nne, nukta, kisha mbili. Ukiwa nayo unaweza kuuliza duka lolote duniani bila kuelezana kwa mikono. Injini ya 1971 iliendelea kwenye 505, kwa hiyo gari la 505 lililokufa ni hazina ya sehemu nyingi za ndani. Ufaransa kuna L'Aventure Peugeot, jumuiya ya urithi wa kampuni yenye makumbusho Sochaux, na inashughulika na spea za magari ya zamani.

Ukipata spea ya kubandika, yaani iliyotoka gari jingine ikakubali, tuandikie ilikataa wapi kwanza. Kila mtu husema "imeingia". Wachache husema ilibidi waisage milimita mbili, au bushi ilikuwa fupi. Hizo milimita mbili ndizo tunazozihitaji.

Naweza kupiga picha kitabu kizima cha kiwanda niwape wenzangu?

Hapana, kitabu kina mwenyewe. Kipimo unachokihitaji kitaje, useme kimetoka kitabu gani na cha mwaka gani, kwa kuwa vipimo vilibadilika injini zilipobadilika.

Ushauri niliopewa uliharibu gari. Ufutwe?

Usifutwe. Ukiufuta, mtu mwingine atausikia kwingine mwaka ujao na hatakuta onyo. Maneno ya kwanza yabaki, chini yake iandikwe tarehe, gari lililoharibika, na kilichopimwa baada ya kufunguliwa. Aliyetoa ushauri asiandamwe. Mara nyingi hutokea kwamba kwake ulifanya kazi kweli, na tofauti iko kwenye injini. Tukiijua tofauti hiyo, ushauri wa watu wote wawili unapata thamani.

Nauza gari. Kumbukumbu nizifanye nini?

Ziende na gari. Daftari, risiti, vipimo vya tapeti vya miaka yote, karatasi yenye namba ya gasketi iliyowekwa mara ya mwisho, jina la fundi ikiwa ameruhusu. Weka kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha dereva, na umwonyeshe mnunuzi kabla hamjaongea bei. Nakala ya kurasa za vipimo tuachie sisi, ukiwa umefuta namba ya usajili na jina lako kama unapenda, lakini namba ya chesisi ibaki.